Hesabu Fotoni Kwanza: Kuchunguza Nebula za Sayari kwa Eksirei Ukiwa Kisumu

Mashine ya eksirei ninayofanyia kazi hapa Kisumu ina bamba la alumini mbele ya tyubu. Bamba hilo huizuia miale laini isimfikie mgonjwa, kwa sababu miale ya namna hiyo haifiki kwenye mfupa wala haichangii picha. Huishia kwenye ngozi na kumwongezea mtu mnururisho wa bure. Kwa picha ya kifua au ya mguu tunatumia miale yenye nishati ya makumi ya maelfu ya elektronivolti. Nebula ya sayari, licha ya jina lake, haihusiani na sayari: ni gesi iliyotupwa na nyota inayokufa. Gesi ya moto iliyo ndani yake hutoa eksirei za elektronivolti 300 hadi 1,000 hivi. Kazini miale hiyo tungeitupa yote. Nikitoka zamu, ndiyo ninayoitafuta.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyesoma fizikia ya sekondari, mwenye laptopu ya kawaida, anayetaka kuichambua nebula kwa data halisi badala ya kutazama picha zilizokwisha kupambwa na wengine. Data yenyewe iko wazi kwa kila mtu na hailipiwi. Programu za kuichambua nazo ni za bure. Sharti ni moja ambalo nitalirudia hadi unichoke: hesabu fotoni kwanza, picha baadaye. Sisi tunaopiga picha za wagonjwa tumezoea fotoni nyingi mno kiasi kwamba hakuna anayezihesabu. Kwenye nebula unaweza kupata mia mbili kwa usiku mzima wa darubini, na kila moja ina thamani.

Unatafuta nini hasa

Nyota yenye uzito wa jua letu, au hadi mara nane hivi ya uzito huo, ikiishiwa na haidrojeni kwenye kiini huvimba na hatimaye huwa jitu jekundu. Tabaka zake za nje huondoka polepole, kwa upepo wa kilomita 10 hadi 20 kwa sekunde. Kiini kinapobaki uchi, kikiwa na joto la makumi ya maelfu ya digrii na wakati mwingine zaidi ya 100,000, huanza kuvumisha upepo mwembamba wenye kasi ya kilomita elfu moja na zaidi kwa sekunde. Upepo huu wa pili huufikia ule wa kwanza na kuugonga kwa nyuma. Mwaka 1978 Sun Kwok na wenzake walionyesha kwamba mgongano huo ndio unaokusanya gesi kuwa ganda tunaloliona likimetameta. Nyuma ya ganda hubaki kiputo cha plazma, yaani gesi ambayo atomi zake zimepoteza elektroni, yenye joto la mamilioni ya digrii.

Ganda lina joto la digrii 10,000 hivi na hutoa mwanga wa kawaida, ndiyo maana darubini za macho huliona. Kiputo hakionekani kwa mwanga huo. Ili kukiona lazima uwe na eksirei, na ili kuzipata eksirei hizo lazima utoke nje ya hewa. Miale ya elektronivolti 500 humezwa na hewa ya kawaida ndani ya umbali usiozidi milimita chache. Rafiki yangu, mwalimu wa fizikia wa Nakuru, aliwahi kuniuliza kwa simu, "Dada, na tukipanda juu kabisa ya Menengai?" Nikamwambia, "Mwalimu, hata ukinipeleka kilele cha Elgon, mita 4,321, bado tuko chini ya zaidi ya nusu ya hewa inayotuzuia." Darubini lazima iwe kwenye satelaiti.

Na hapa Wakenya tuna jambo letu ambalo ningependa kila mwanafunzi wa fizikia alijue. Satelaiti ya kwanza kabisa iliyojengwa kwa ajili ya astronomia ya eksirei peke yake ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru, na satelaiti ikaitwa Uhuru. Iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei angani, na Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2002. Uhuru haikuweza kuona nebula za sayari, kwa kuwa vipokezi vyake vilianzia elektronivolti 2,000 kwenda juu, na nebula zetu ziko chini ya hapo. Tulilazimika kungoja darubini za satelaiti za baadaye, kama ROSAT ya mwaka 1990, kisha Chandra na XMM-Newton, zote mbili za mwaka 1999.

Kuchagua nebula

Usichague kwa uzuri wa picha. Nebula nyingi zinazopendwa mitandaoni ni kubwa, zimefunguka pande mbili, na kwa eksirei hazina kitu. Kiputo cha plazma ni kama mvuke wa sufuria: kifuniko kikiondoka, mvuke unatawanyika. Kwa hiyo tafuta nebula yenye umbo la yai au duara, ganda la ndani lililofungika vizuri lenye ukingo mkali, na umri mdogo.

Shauri hilo silitoi kichwani mwangu. Mradi wa ChanPlaNS, ulioongozwa na Joel Kastner, ulitumia Chandra kuchunguza nebula za sayari zilizo ndani ya takriban miaka ya nuru 5,000 kutoka kwetu. Katika matokeo ya kwanza ya mwaka 2012, yaliyohusu nebula 35, karibu asilimia 70 zilionyesha eksirei za aina fulani. Karibu nusu zilikuwa na nukta ya eksirei kwenye nyota ya katikati, na karibu asilimia 30 zilikuwa na mng'ao uliotawanyika wa kiputo. Zote zilizokuwa na mng'ao huo, ganda lao la ndani lilikuwa na umri usiozidi miaka 5,000 hivi. Nebula zenye molekuli nyingi, zenye umbo la pete au la mabawa mawili, mara nyingi zilikuwa kimya.

Anza na NGC 6543, iitwayo Jicho la Paka, kwenye kundinyota la Tinini. Ina vyote viwili, kiputo na nukta ya katikati, kwa hiyo utajifunza mambo mawili kwa data moja. Ukitaka kuiona pia kwa darubini ndogo, hapa Kisumu nebula hii inafika nyuzi 23 tu juu ya upeo wa kaskazini, juu ya vilima vya Riat, mwezi wa Agosti kwenye saa tatu usiku. Mara nyingi wingu la ziwani litakuwa limeshakuzuia. Hili ni jambo ninalolipenda kwenye kazi ya hifadhi ya data: ngurumo za jioni hazinizuii kitu, ila zikiondoka na stima.

Ukimaliza hiyo, nenda kwa BD+30 3639 kwenye kundinyota la Dajaja, kisha NGC 7009 na NGC 3242. Hizi mbili za mwisho ziko kusini kidogo ya ikweta ya anga, kwa hiyo kwetu hupita juu sana na mtu mwenye darubini ya nyumbani atazifurahia.

Vifaa, kwa haraka

Programu kuu ni CIAO, iliyotengenezwa na kituo cha Chandra kule Marekani. Inasakinishwa kwa conda, kisakinishi cha bure cha programu, kwenye Linux au Mac. Mwenye Windows apitie WSL, inayoendesha Linux ndani ya Windows. Ndani yake kuna Sherpa ya kuchambua spektra, yaani mgawanyo wa fotoni kwa nishati zake, na DS9 ya kutazama picha husakinishwa pamoja nayo. Kinachokula bando ni faili za kalibresheni, zinazosahihisha vipimo vya kipokezi, gigabaiti kadhaa, kwa hiyo zishushe usiku au mahali penye Wi-Fi ya kuaminika. Data ya uangalizi mmoja ni nyepesi, haifikii filamu moja. Kama huna laptopu yako, JS9 hufungua faili hizo hizo ndani ya kivinjari, hata kwenye kompyuta ya cyber, na inatosha kwa hatua za mwanzo za kuhesabu.

Fungua terminali, andika find_chandra_obsid ukifuatisha jina la nebula, na utaonyeshwa orodha ya kila wakati Chandra ilipoitazama. Kila uangalizi una namba yake. Kwa Jicho la Paka chagua ule wa Mei 2000, wenye sekunde 46,000 hivi, karibu saa 13. Ushushe kwa download_chandra_obsid na namba hiyo, kisha endesha chandra_repro ili faili zipitishwe upya kwenye kalibresheni ya sasa. Usiiruke hatua hiyo ya mwisho.

Kwa nini data ya zamani namna hiyo? Kwa sababu tangu Chandra irushwe, uchafu umekuwa ukijijenga tabaka kwa tabaka juu ya kichujio kilicho mbele ya kipokezi chake, ACIS. Tabaka hilo humeza hasa eksirei laini. Yaani Chandra imejiotea bamba lake la alumini, mahali ambapo sisi wa nebula tunaumia zaidi. Uangalizi wa mwaka 2000 unaona vizuri chini ya elektronivolti 700 kuliko wa miaka ya karibuni. Ukiwa na hiari, chagua wa zamani. Angalia pia nebula imeangukia kipande kipi cha kipokezi. Kile kiitwacho S3 kimegeuzwa mgongo kuelekea mwanga na hupokea miale laini vizuri zaidi.

Soma orodha kabla ya picha

Faili utakayopata mwisho wa chandra_repro ina maneno evt2 kwenye jina lake. Watu huifungua kwenye DS9 na kuiona picha, lakini ndani yake ni jedwali. Kila mstari ni fotoni moja: saa iliyofika, mahali ilipogonga, na nishati yake. ACIS husomwa kila baada ya sekunde 3.2, na nebula ni hafifu kiasi kwamba ni nadra fotoni mbili kukanyagana kwenye pikseli moja ndani ya muda huo. Kwa hiyo unaweza kuiamini namba ya nishati kwenye kila mstari. Hospitalini sina anasa hiyo. Kipokezi changu kinajumlisha fotoni zote kuwa weusi na weupe, na nishati ya kila moja imepotea.

Fungua jedwali kwa dmlist na ulipitie kwa macho. Mwanafunzi aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya kazi niliwahi kumkalisha mbele ya jedwali hili. Baada ya muda akasema, "Madam, kumbe kila mstari ni kitu kilichofika kweli." Alikuwa ameelewa jambo ambalo picha ya rangi ingemficha.

Sasa chuja. Nebula haina chochote cha kukupa juu ya elektronivolti 2,000, na huko juu kumejaa kelele za chembe za anga. Tumia dmcopy, ukitaja nishati 300:2000 ndani ya mabano ya mraba mara baada ya jina la faili. Fungua matokeo kwenye DS9, weka kipimo cha logi, na usilainishe picha bado. Utaona vumbi la nukta limesongamana katikati. Hiyo ndiyo nebula.

Chora duara lenye nusu kipenyo cha sekunde za tao 15 kuizunguka (sekunde moja ya tao ni sehemu ya 3,600 ya nyuzi moja). Kisha chora eneo la usuli, yaani la fotoni zisizotoka kwenye nebula: pete kubwa au duara jingine kwenye kipande hicho hicho cha S3, mahali pasipo na chanzo chochote. Usuli usiuchukue kwenye kipande kingine cha kipokezi, kwa sababu kila kipande kina kelele yake.

Halafu hesabu. Tuseme duara la chanzo lina fotoni 60, na eneo la usuli lenye ukubwa mara 10 lina 120. Ndani ya duara lako unategemea fotoni 12 za usuli, zinabaki 48 za nebula. Kosa ni takriban kipeuo cha pili cha 61 (60 za duara, pamoja na 1 hivi ya usuli), karibu 8. Una 48 kwa kosa la 8, mara sita ya kosa. Kitu kipo kweli. Zikibaki 10 kwa kosa la 6, usiandike popote kwamba umeona kitu, hata kama ukilainisha picha unaona wingu zuri. Programu za kulainisha hutengeneza mawingu kutoka kwenye kelele bila aibu, na hapo ndipo nimeona watu wengi wakidanganyika. Nami ningependelea mtu aniletee namba mbili kwenye karatasi kuliko picha ya buluu na zambarau.

Baada ya hesabu kusimama, sasa jipe raha ya picha. Pakua picha ya Hubble ya nebula hiyo hiyo kutoka hifadhi ya MAST, ifungue kwenye fremu ya pili ya DS9, kisha funga fremu mbili kwa majira ya anga ili zisogee pamoja. Kwenye Jicho la Paka utaona eksirei zimejaa ndani ya ganda la yai la katikati na hazimwagiki nje ya ukingo. You-Hua Chu na wenzake walilichapisha jambo hilo mwaka 2001 kwa data hii hii unayoitazama. Linganisha pole pole. Chandra hutenganisha maelezo ya nusu sekunde ya tao. XMM-Newton hukusanya fotoni nyingi zaidi lakini picha yake haina makali, na nebula ndogo huonekana doa. Kwa umbo tumia Chandra. Kwa spektra ya nebula hafifu, XMM inaweza kukufaa zaidi.

Kupima joto

Kwa specextract, mpe mashine duara la chanzo na eneo la usuli. Atakurudishia spektra pamoja na faili mbili ambazo wengi huzibeba bila kuziangalia. Moja, arf, inaeleza eneo la kukusanya miale kwa kila nishati. Nyingine, rmf, inaeleza jinsi kipokezi kinavyotia ukungu kwenye nishati. Zichore zote mbili kabla ya kuendelea. Ukiiona arf inavyoporomoka kuelekea elektronivolti 300, utaelewa kwamba spektra yako inayoporomoka upande huo haisemi chochote peke yake kuhusu nebula.

Kwenye Jicho la Paka toa kwanza nukta ya katikati, kwa duara dogo la sekunde 2 za tao, ili usichanganye nyota na kiputo.

Ndani ya Sherpa, tumia takwimu ya wstat. Fotoni zako ni chache na mbinu ya kawaida ya kai mraba itakupotosha. Modeli ianze rahisi: xsphabs ya ufyonzaji ikizidishwa na xsvapec ya plazma ya joto. Weka mipaka ya elektronivolti 300 hadi 2,000, kisha fit.

Hapa nataka usimame kidogo, kwa sababu ndipo matokeo mengi yanapoharibika. Kati yetu na nebula kuna gesi ya anga, na gesi hiyo humeza eksirei laini kabla hazijatufikia. Programu ikiachiwa huru, inaweza kukupa jibu la gesi nyingi njiani na plazma baridi inayong'aa kupita kiasi, au gesi kidogo na plazma ya moto zaidi. Majibu yote mawili yanaweza kukaa vizuri juu ya data, na mwangaza wa kweli wa nebula ukatofautiana mara kumi. Usimwachie programu uamuzi huo. Tafuta ni kiasi gani mwanga wa nebula umewekewa wekundu na vumbi, namba ambayo wataalamu wa mwanga wa kawaida wameshaipima kwa nebula nyingi maarufu. Kila kipimo kimoja cha wekundu wa rangi, ule wa B kutoa V (mwanga wa buluu ukilinganishwa na wa kijani-njano), kinalingana na atomi 5.8 × 10²¹ za haidrojeni kwa kila sentimita mraba. Sherpa hutumia kizio cha 10²², kwa hiyo wekundu wa 0.1 unaingia kama 0.058. Ukishaandika, igandishe kwa amri ya freeze, ndipo uachie joto litafutwe.

Jibu litakuja kwa kiloelektronivolti. Zidisha kwa milioni 11.6 upate kelvini. Kwa Jicho la Paka utakuwa karibu na 0.15, yaani kelvini milioni 1.7.

Chukua sasa kalamu. Upepo wa nyota hiyo ya katikati unakwenda kama kilomita 1,400 kwa sekunde. Gesi inayogongwa na wimbi la mshtuko hupata joto la takriban milioni 14 zikizidishwa na mraba wa kasi kwa maelfu ya kilomita. Mraba wa 1.4 ni karibu 2, kwa hiyo tulipaswa kuona kelvini milioni 27. Tumeona chini ya milioni mbili. Umelifikia fumbo kubwa la somo hili ukiwa mezani kwako, kwa fotoni ulizozihesabu mwenyewe, na si Jicho la Paka peke yake lenye tabia hiyo. Viputo vilivyopimwa karibu vyote viko kwenye milioni moja hadi tatu.

Maelezo yanayoshindana ni haya. Huenda joto linapitishwa kutoka kwenye kiputo hadi ganda, gesi ya ganda inachemka na kuingia ndani, na mchanganyiko unapoa. Huenda mpaka wenyewe hauna utulivu, ganda linavunjika vipande na vipande vinachanganyika na plazma. Huenda pia plazma tunayoiona ilitengenezwa zamani, upepo ulipokuwa bado wa kasi ndogo. Kwa maoni yangu, njia nzuri ya kuamua kati yao ni kupima kemia. Kama kiputo kimejaa gesi ya ganda, kitakuwa na uwiano wa elementi kama wa ganda. Kama kimejaa upepo wa nyota, kitafanana na uso wa nyota.

BD+30 3639 ndiyo inayojibu kwa sauti kubwa. Ni ndogo na inang'aa kwa eksirei kuliko nebula nyingine za aina yake, kwa hiyo Chandra iliweza kuitazama kupitia wavu wake wa kutawanya miale na kuona mistari ya elementi mmoja mmoja. Kaboni ilikuwa nyingi mno ukilinganisha na oksijeni, mara nyingi kuliko uwiano wa jua, na neoni nayo imezidi. Huo ni mfano wa gesi iliyotoka ndani ya nyota, si ya ganda. Kwa data ya kawaida ya ACIS huwezi kutenganisha mstari wa oksijeni wa elektronivolti 570 na ule wa 650, utaona kilima kimoja. Lakini unaweza kuachia kaboni na neoni kwenye xsvapec na kuona modeli inapendelea upande gani. Fanya hivyo baada ya kugandisha ufyonzaji, tena elementi moja baada ya nyingine. Ukiachia zote kwa pamoja juu ya fotoni 300, utapata namba zisizo na maana, zenye makosa makubwa kuliko namba zenyewe.

Nukta ya katikati

Nyota ya kelvini 100,000 inasikika kali, ila kwa eksirei ni baridi. Nishati ya kawaida ya fotoni zake ni makumi ya elektronivolti tu. Kwa hiyo ukiona kwenye nukta ya katikati fotoni za elektronivolti 700 au 1,000, ujue hazitoki kwenye uso wa nyota hiyo. ChanPlaNS ilikuta hali hii kwenye nukta zote isipokuwa moja. Dhana inayotajwa sana ni nyota ndogo mwenza yenye korona kali, yaani gesi ya moto inayoizunguka, iliyo karibu mno kuonekana kwa darubini ya macho. Nyingine ni mishtuko ndani ya upepo wenyewe, au gesi inayorudi kuanguka juu ya nyota.

Mfano bora wa kufanyia mazoezi ni Helix, NGC 7293, iliyo umbali wa miaka ya nuru 650 hivi. Kiputo chake hakipo tena, nebula ni pana na imezeeka, lakini kibete cheupe cha katikati, yaani kiini cha nyota kilichobaki, kina eksirei ngumu kuliko kinavyostahili. Mwaka 2025 watafiti walipendekeza kwamba ni mabaki ya sayari kubwa iliyovunjwavunjwa, yakimwagikia kibete hicho. Walilinganisha data ya ROSAT, Chandra na XMM-Newton, na wakaona dalili ya mabadiliko madogo yanayojirudia kila baada ya saa 2.9.

Data hiyo nayo iko wazi. Kwa kuwa kila fotoni ina saa yake, tumia dmextract kutengeneza mkunjo wa mwangaza kwa muda. Gawanya muda kwa vipande vyenye fotoni 20 au zaidi kila kimoja, kisha endesha glvary, ambayo hupima kama mabadiliko yanazidi yale ya bahati tu. Fanya hesabu hiyo hiyo kwenye chanzo kingine cha karibu ndani ya picha. Kikionyesha mtikisiko sawa, tatizo ni la chombo.

Ukishazizoea hizi, usiishie kwenye hifadhi. Kila mwaka Chandra hutangaza nafasi ya kuomba muda wa darubini, na mwombaji wa nchi yoyote anaruhusiwa. Ombi lazima lionyeshe utakusanya fotoni ngapi. Programu ya PIMMS inakokotoa: weka joto la kelvini milioni 2, ufyonzaji ulioupata kwenye wekundu wa nebula, na mwangaza wa nebula inayofanana nayo, kisha chagua kipokezi cha mwaka huu, si cha mwaka 2000, ili tabaka la uchafu lihesabiwe. Jibu likija chini ya fotoni 50 kwa saa 10 za kutazama, tafuta nebula nyingine iliyo karibu zaidi au yenye vumbi dogo njiani.